Nani Asimame Omo? Waigizaji Wapya wa Filamu Kongwe

Jamaa zangu, kila inapovuma habari kwamba filamu fulani ya maharamia itatengenezwa upya, vijana wa ukoo hunitumia majina ya waigizaji wanaowapenda. Nami huwajibu kwamba inayostahili kurudiwa ni moja: Against All Flags, iliyotolewa na studio ya Universal mwaka 1952. Sisemi hivyo kwa uzuri wake. Filamu nyingi za jinsi hiyo huelea katika bahari ya Karibi. Hii imewekwa katika bahari yetu, Bukini, kwenye bandari ya Diego Suarez, mnamo mwaka 1700.

Kwa wasioijua, Errol Flynn ni Brian Hawke, ofisa wa Kiingereza anayejifanya mtoro ili ajipenyeze katika kambi ya maharamia. Maureen O'Hara ni Spitfire Stevens, mwanamke mwenye sauti katika baraza lao. Anthony Quinn ni hasimu wao, Roc Brasiliano. Hutekwa merikebu ya mfalme wa Mughal, na ndani yake yumo binti mfalme Patma, aliyeigizwa na Mmarekani Alice Kelley. Mwaka 1967 hadithi hiyo ilirudiwa kwa jina la The King's Pirate, akiwamo Doug McClure, hiyo tuipite.

Utekaji ule una asili yake. Mnamo Septemba 1695 haramia Mwingereza, Henry Every, aliivamia Ganj-i-Sawai, merikebu ya Mughal iliyokuwa ikirejea Surat na mahujaji. Miezi michache baadaye, Machi 1696, majeshi ya Imam Saif bin Sultan wa Oman yaliizingira Ngome ya Yesu kule Mombasa, nayo ikaanguka Desemba 1698. Basi itazameni filamu mkiwa na tarehe hizo mkononi. Bahari iliyojaa tanga za Maskati, Surat, Pate na Ngazija imekuwa tupu, haina Mwomani, haina Mngazija, haina Mswahili hata mmoja wa kushika usukani.

Nikianza na merikebu ya mahujaji, nahodha wake ningempa Ghassan Massoud, Mshami aliyekuwa Salahuddin katika Kingdom of Heaven ya mwaka 2005. Miaka miwili baadaye alivishwa uharamia katika Pirates of the Caribbean, akiwa nahodha Ammand, na sauti yake haikusikika ipasavyo. Mtu mwenye macho yale anastahili kusimama omo akitazama bendera ngeni inavyokaribia, huku abiria wakimuuliza ni chombo gani.

Maalimu, yule mjuzi wa njia, awe Barkhad Abdi. Alizaliwa Mogadishu, akapitia Yemen utotoni, akakulia Marekani. Ni njia ambayo wengi wetu tunaifahamu. Ulimwengu ulimjua kwa nafasi ya haramia Msomali katika Captain Phillips ya mwaka 2013, akateuliwa kuwania Oscar. Naona inatosha. Apewe kibao na uzi wa mafundo, apime kimo cha nyota ya Jaa juu ya upeo wa bahari, na hadhira imwone Msomali aliye msomi wa bahari. Neno "haramia" limebandikwa kwa watu wetu kwa wepesi mno. Waingereza waliiita pwani ya kusini ya Ghuba "Pwani ya Maharamia", kisha wakaipiga Ras al-Khaimah kwa mizinga mwaka 1809 na tena 1819.

Kuhusu Brasiliano, haramia halisi wa jina hilo alikuwa Mholanzi, na bahari yake ilikuwa Karibi. Filamu ikampa Quinn, mzaliwa wa Mexico, kwa kuwa uovu ulitafutiwa uso wenye weusi kidogo. Sisi tulimpenda hata hivyo. Majumbani mwetu yeye ni Hamza wa The Message, na Omar Mukhtar pia. Safari hii nafasi hiyo irudi kwa Uholanzi. Na Hawke apewe yeyote ajuaye kutumia upanga, mradi asiwe na haraka ya kutabasamu.

Spitfire ndiye niliyemfikiria zaidi. O'Hara alikuwa Mwairishi. Nami ningemchagua Ruth Negga, aliyezaliwa Addis Ababa kwa baba Mhabeshi na mama Mwairishi. Historia yenyewe inamtaka. Maharamia wa Bukini walioa huko na kuzaa, na Ratsimilaho, aliyewaunganisha Wabetsimisaraka mwanzoni mwa karne ya 18, alikuwa mtoto wa haramia Mwingereza na mama wa Kibukini. Baadaye washambulizi kutoka Bukini walivuka kwa mitumbwi hadi Komoro na pwani yetu, wakauangamiza mji wa Kua katika kisiwa cha Juani, Mafia. Mwanamke wa damu mbili, anayelinda bandari ambayo kesho itawatisha jirani zake, ni mhusika mzito kuliko mrembo mwenye bastola.

Linabaki jambo lililonifanya niandike. Katika filamu ile mateka wa kike hupigwa mnada, Hawke na Spitfire wakishindana bei juu ya Patma, na mandhari yote imefanywa kichekesho. Hapa Maskati niliitazama pamoja na shangazi zangu, na hakuna aliyecheka. Katika shajara ya nasaba yetu wanaume wameandikwa kizazi baada ya kizazi, fulani bin fulani. Mama yake babu wa baba yangu ameandikwa kwa maneno mawili, umm walad, yaani mama wa mtoto. Alikuwa suria. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na yeye alipita humo kabla.

Kwa hiyo mnada ule usiondolewe. Taarifa za zama za Every zinaeleza kwamba baadhi ya wanawake wa Ganj-i-Sawai walijitupa baharini kuliko kuangukia mikononi mwa maharamia. Mtengenezaji asiyeweza kulibeba hilo aache kazi. Miongoni mwa wanaouzwa wawemo pia wanawake wa pwani na bara, waliokwisha kuuzwa mara moja kabla ya hapo, na kila mmoja awe na maneno ya kusema.

Mmoja wao awe mtu mzima, na kwa nafasi yake sitaki mwigizaji mwenye jina kubwa. Natafuta mwanamke anayekijua Kimakua tangu utotoni, aweze kumtajia dalali jina alilopewa na mama yake, kabla karani hajaandika Zafarani.