Tulipoomba Kijana Wetu Ashindwe

Akina mama wenzetu, je, umewahi kuomba mtoto wako ashindwe? Sisi tumewahi. Tulikuwa tumesimama chini ya mwembe pale Bunda, baba na mama, tukimtazama mzee mmoja mwenye miwani akilizunguka gari la kijana wetu huku ameshika kioo kidogo na bisibisi. Midomo yetu ilikuwa imefunga, lakini mioyoni tulikuwa tukisema, "Bwana, gari hili likataliwe." Gari likakataliwa. Hata hivyo hatukuipata ile amani tuliyoitarajia, na ndiyo sababu tumeona vema kuwasimulia yaliyotupata.

Kijana na gari lake

Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 23, naye ni fundi wa magari hapa Musoma. Babu yake ndiye aliyempandia mbegu ya mbio za magari. Alimsimulia habari za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na habari za Bert Shankland, dereva wa Tanzania aliyeshinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, kijana hakubanduka mbele ya televisheni. Haukupita muda mrefu akanunua Subaru kuukuu isiyo na injini, akaanza kuifufua kila jioni baada ya kazi.

Mmoja wetu alijivuna kidogo. Mwingine hakulala usingizi. Huyo asiyelala ni muuguzi.

Wengi mtaikumbuka Septemba 5, 2014. Mabasi mawili yaligongana eneo la Sabasaba, wilayani Butiama, katika barabara ya Musoma kwenda Mwanza, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Siku ile sisi wauguzi hatukukaa chini. Tulikata nguo, tulizuia damu, tulishika shingo za watu zisigeuzwe hovyo. Usiku tuliporudi nyumbani, viatu tuliviacha nje ya mlango. Kwa miaka yote iliyofuata habari ile haikuzungumzwa mezani kwetu, wala watoto hawakuelezwa kwa nini mama yao hufumba macho kila basi linapopita Sabasaba.

Kwa hiyo kijana aliposema anataka kukimbiza gari kwenye vumbi na mawe, tulimjibu kwa ukali. Hatukumweleza sababu. Naye akaacha kutueleza mambo yake.

Mzee mwenye kioo

Gari haliruhusiwi kuingia katika mashindano hayo bila kizimba cha vyuma ndani yake, ambacho vijana wa gereji hukiita keji. Ni mabomba ya chuma yaliyokunjwa na kuunganishwa kufuata umbo la gari. Kuna upinde mkuu nyuma ya viti vya mbele, mengine hufuata pembeni mwa kioo cha mbele, mengine hupita milangoni, na mengine huwekwa mshazari ili kuyashikilia hayo. Gari la kawaida likibiringika, paa hubonyea na kumfikia mtu kichwani. Kizimba kikiwa imara hubeba uzito ule, na nafasi ya mtu kukaa hubaki.

Ukaguzi rasmi hufanywa kabla ya mbio kuanza, na mbio zenyewe zilikuwa mkoa wa mbali. Kufikisha gari huko kisha likataliwe ni hasara kubwa. Tukasikia kuwa mzee mmoja aliyekagua magari ya mbio kwa miaka mingi amekuja Bunda kwa ndugu zake, naye akakubali kulitazama. Kijana alitangulia na gari lake, sisi tukafuata kwa basi.

Baada ya kuamkiwa, jambo la kwanza mzee alilouliza lilikuwa, "Kofia yako iko wapi?"

"Mzee, nilikuwa barabarani tu, si mashindanoni."

Mzee akaligonga kwa kidole bomba lililopita karibu na kichwa cha dereva. Halikuwa na sponji wala chochote. "Ukifunga breki ghafla, kichwa chako kitaishia hapa. Bomba halijui kama uko mashindanoni au unakwenda sokoni."

Muuguzi akatikisa kichwa kukubali. Hilo hatukuwa tumelifikiria. Kizimba ambacho kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyevaa kofia ngumu na kufungwa mikanda ya mabega yote mawili, chaweza kumuumiza vibaya mtu asiye na vitu hivyo.

Kisha akaanza kazi. Alichungulia ndani ya ncha ya bomba iliyoachwa wazi, akamwita kijana auone mstari uliopita kwa urefu. "Hili ni bomba la maji," alisema. "Lina mshono." Akaeleza kwamba kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa kiwandani likiwa baridi. Upinde mkuu uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2.

Akashika kona moja. Kijana alikuwa amejaza mchanga ndani ya bomba, akalipasha moto na kulikunja, na upande wa ndani wa kona ulikuwa na makunyanzi. Bomba la kizimba hukunjwa bila moto, kwa mashine, na kona isiwe kali. Nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba lenyewe.

Halafu akainua kile kioo kidogo, kama cha daktari wa meno, akakipitisha juu ya maungio yaliyo karibu na paa. Upande wa chini, unaoonekana, palikuwa pamesuguliwa na kupakwa rangi vizuri. Upande wa juu, ambao mkono wa mchomeleaji haukufika, palikuwa wazi kabisa. Ungio linatakiwa lichomelewe pande zote bila kuacha nafasi. Katika kazi yetu tumeona vidonda vya namna hiyo, vimefunga vizuri juu huku ndani vinatunga usaha.

Mwisho akasukuma bisibisi kwenye sakafu, karibu na mguu wa kizimba. Ikapenya kwenye kutu. Pale panatakiwa bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, ili mguu usitoboe sakafu siku ya ajali.

Mzee akafuta mikono. "Mwanangu, hiki si kizimba. Hiki ni pambo."

Usiku wa Butiama

Tulificha furaha yetu, lakini furaha ilikuwepo. Tulipofika Makutano tukashika njia ya Butiama, tukalale kwa bibi yake. Bibi alilitazama gari, akacheka sana. "Mume wangu, hawa wamekufungia kwenye kizimba kama kuku?" Kijana hakucheka. Hata ugali hakuumaliza.

Usiku tulimsikia nje akizungumza na mwenzake kwa simu. "Tutajaza pati, tutapaka rangi upya. Kule hakuna atakayekuja na kioo. Akisumbua, tutampa ya soda."

Tulitazamana gizani. Furaha yetu ikaisha hapo hapo. Tulikuwa tumeomba akataliwe, hatukuwa tumeomba awe salama, na haya ni maombi mawili tofauti. Tulidhani mkaguzi atatufanyia kazi ambayo sisi wazazi tuliiogopa, yaani kukaa na kijana wetu na kumwambia ukweli. Mkaguzi alifanya kazi yake. Yetu ilikuwa bado.

Alfajiri tulimwita, tukakaa watatu kwenye mawe nyuma ya nyumba. Hatukumkaripia. Mama yake alimsimulia siku ile ya Sabasaba tangu asubuhi hadi viatu vilipoachwa nje. Alimsimulia jinsi mtu anavyoletwa anazungumza vizuri, anaomba maji, kumbe mfupa wa shingo umevunjika. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

Swali hilo lilituchoma kuliko utukutu wake wote.

Tukamweleza kuwa simu yake ya usiku tumeisikia. Akainamisha kichwa. Baba yake ndipo akasema jambo ambalo hatukuwa tumelipanga. Zile fedha tulizoweka kwa ajili ya kuezeka jiko, tutanunulia mabomba yanayostahili. Lakini kizimba cha zamani kikatwe mbele ya macho yetu. Kazi ya kuchomelea asiifanye yeye, aifanye fundi aliyeisomea VETA. Na gari lile lisionekane tena barabarani bila kofia kichwani mwa dereva.

Wako watakaosema tulimwendekeza. Sisi wenyewe tulijiuliza. Lakini angeendesha tu, kwa ruhusa yetu au kwa kujificha, na sisi tulichagua tuwepo.

Hakupaka rangi

Kazi ile ilichukua miezi. Mabomba yaliagizwa Dar es Salaam. Ili mkono ufike juu karibu na paa, fundi alitoboa sakafu mahali pa miguu, akakishusha kizimba chini, akachomelea maungio ya juu pande zote, kisha akakiinua na kuweka mabamba mapya chini ya miguu. Sakafu iliyooza ilikatwa na kubadilishwa. Jiko letu liliendelea kuvuja.

Mzee alipokuja tena Bunda, gari lilipelekwa juu ya lori. Tukasimama chini ya mwembe ule ule. Safari hii vyuma vilikuwa vitupu, vya rangi yao ya chuma. Mzee akauliza kwa nini hakikupakwa rangi. Kijana akajibu, "Nataka ukione chote, Mzee."

Kioo kikapita juu. Mzee akakataa ungio moja nyuma ya mlango wa kushoto. Tulimtazama kijana usoni, tukikumbuka mara ya kwanza. Yeye akachukua chaki, akachora alama pale mahali, akasema atalirudia wiki ile ile. Hapo ndipo tulipopata amani, kabla ya karatasi yoyote kusainiwa.

Katika ukaguzi rasmi gari lilipita. Siku ya mbio tulikaa nyumbani na simu katikati ya meza. Alimaliza akiwa karibu na mwisho, naye ni mzima. Mchezo wenyewe bado hatuupendi, na hatutasema uongo kuhusu hilo.

Wapendwa, si kila nyumba ina gari la mbio, lakini kila nyumba ina kitu kilichopakwa rangi juu. Kijana wako akinunua pikipiki, usiishie kumkataza. Shika kofia mkononi uone kama ina ufa na kama kamba yake inafunga. Ukipanda basi, usiridhike na stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo, uvute na mkanda wa kiti chako uone kama umeshikiliwa na kitu. Mwanao akirudi na kazi iliyokataliwa, muulize ilikataliwa kwa nini, na umsikilize mpaka mwisho. Na kama kuna jambo ulilolificha kwa miaka ili kumlinda, huenda sasa amekua wa kutosha kulisikia.

Mabomba ya zamani hayakutupwa. Kijana aliyakata na kuyapeleka Butiama, akamtengenezea bibi yake banda la kuku. Bibi alilizunguka mara mbili, akalitikisa kwa mikono yote miwili, kisha akamtazama mjukuu wake. "Haya, mume wangu," akasema, "na hiki nani amekikagua?"