Kitulo: nilifuata ndege, nikakuta nyasi

Juzi niliondoka Ramadhani, hapa Njombe mjini, alfajiri na baridi ya kukata masikio, nikapitia Makete hadi Hifadhi ya Taifa Kitulo. Wengi wanaijua kwa maua, "Bustani ya Mungu". Mimi nilibeba darubini ya kuazima. Nilimtaka mbayuwayu wa buluu.

Nikamwona! Kwa mbali ni mweusi tu, akigeukia jua anang'aa buluu, mkia kama nyuzi mbili. Hujenga kiota ndani ya shimo ardhini, hata lililochimbwa na muhanga, na msimu wa kuzaa ukiisha huruka hadi Uganda na magharibi mwa Kenya. Anachotaka kwetu ni nyasi na uwazi, basi.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Huku nje, ukielekea Makambako, ni misindano na milingoti, siku hizi na parachichi. Simlaumu mtu, miti imesomesha wengi, mimi nikiwemo. Ila mzee anataka tupande misindano kwenye kile kipande chetu cha nyasi, na hela ya miche ameniomba mimi. Sijamjibu bado. Nyie mngemwambiaje?