Kazi na Kibarua

Kasomeno ni njiapanda. Barabara inayotoka Lubumbashi hugawanyika hapa: moja huenda Kasenga, kwenye mto Luapula, nyingine huelekea Kilwa na Pweto, kando ya ziwa Mweru. Samaki wa huko hupita hapa kabla ya kufika masoko ya mjini. Likizo mbili mfululizo nimemwandikia daftari mama mmoja mfanyabiashara wa samaki: mizigo mingapi imeingia, nani amelipa, nani amekopa. Pesa hiyo ndiyo minervali yangu.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Prof, kule mjini unafanya kazi gani?" Nikamjibu kwamba nasoma. Akacheka. "Kusoma si kazi, mwanangu. Kazi inalipa. Na hii ninayokupa mimi pia si kazi, ni kibarua tu."

Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari lake. Katika Katanga ya migodi, neno kazi lina uzito wake. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi, alichapisha makala nzima juu yake mwaka 1973. Kibarua nacho ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuonyesha siku aliyofanya. Jina la karatasi likawa jina la mtu, kisha la shughuli yenyewe.

Waliotutangulia walikuwa na karatasi nyingine, bursi ya serikali. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium, Kinshasa, waliandamana, bursi ikiwa miongoni mwa madai yao, na askari wakawafyatulia risasi. Sisi tumerithi artikle 15: jitafutie.

Nami najitafutia, lakini sitaki kuipamba hali hii. Mwaka jana lori liliharibika njiani, na mama hakuweza kunilipa kabla samaki hawajauzwa. Nilifika chuoni nikiwa nimechelewa wiki mbili. Minervali niliilipa yote. Masomo ya toni yalikuwa yamepita. Mtihani wa fonolojia ukaniangusha. Nililipia kiti, nikakosa kukikalia.

Tusiseme basi kwamba kibarua chochote ni msaada kwa mwanafunzi. Kinakuwa msaada kikifuata saa za masomo. Kitivo chetu kina shughuli za namna hiyo: kunukuu mazungumzo yaliyorekodiwa, kupanga maktaba, kuwafundisha wageni Kiswahili. Zigawiwe wanafunzi kwa zamu, na malipo yawe na tarehe.

Juzi nilimwambia mama kwamba safari hii naondoka Jumatatu, samaki wauzwe wasiuzwe. "Na pesa yako?" Nikamwomba anipe nusu. Alinyamaza, akazihesabu noti mara mbili, kisha akanipa daftari niandike mwenyewe deni lake kwangu.