Kidato cha pili, Chato

Juzi nimerudi kutoka Chato. Hapana, sikutumwa na mhariri, nilikwenda kumsalimu mjomba wangu. Alioa na kujenga kule, si mbali na ziwa, na kila nikifika lazima nile sato mpaka nishindwe kuinuka.

Safari hii kilichonishika ni binti yake. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na mwaka huu ana ule mtihani wa taifa ambao ukianguka unarudia darasa. Usiku tumemaliza kula, yeye kakaa pembeni na taa ya sola, anasoma kwa sauti ya chini kama anayesali. Nikasogea. Daftari safi, mwandiko mzuri kuliko wangu, baiolojia yote kwa Kiingereza. Nikamuuliza, photosynthesis ni nini? Akanitiririshia sentensi mbili bila kukosea hata nukta. Haya, nieleze kwa Kiswahili. Kimya. Akaangalia chini.

"Sijui, kaka. Ticha hajatuambia."

Nikamuuliza kuhusu usanisinuru. Uso ukafunguka! Majani, mwanga wa jua, maji, hewa, chakula cha mmea, alieleza yote, maana alisoma shule ya msingi. Hakujua kama ni kitu kilekile.

Jamani, nilicheka kidogo halafu nikaona aibu, kwa sababu yule ni mimi. Nilikuwa kidato cha pili Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012 na watahiniwa zaidi ya 240,000 wakapata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, lakini sisi watoto tulishaogopa. Shuleni kwetu majaribio yakaongezeka, na viboko pia. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Kila Jumatatu asubuhi tumbo lilikuwa likiniuma, mama akanipeleka kupima minyoo. Haikuwa minyoo.

Watu wazima tukiulizwa kwa nini watoto wana msongo, tunataja simu na uvivu. Huyu hana simu. Anaamka saa kumi na moja, anachota maji, anatembea karibu saa nzima, anashinda akisikiliza lugha ambayo kwao hakuna anayeizungumza (nyumbani ni Kisukuma, Kiswahili ni cha wageni kama mimi), jioni yuko jikoni. Na baba yake hachoki kumwambia: ada ilifutwa 2016, sasa una kisingizio gani? Mjomba simlaumu sana. Kijana wake wa kwanza aliishia kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Geita, na hataki habari hiyo ijirudie.

Sera ya elimu ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Toleo la 2023 likakiacha Kiingereza palepale, sekondari. Mimi sina ugomvi na Kiingereza, nakihitaji kazini kila siku. Ila ningependa mtoto ajifunze lugha hiyo bila kunyang'anywa alichokwisha kukijua.

Usiku ule tulikaa mpaka saa tano, tukipitia daftari neno kwa neno na kuandika Kiswahili pembeni ya ukurasa. Nilitoa kalamu yangu, akakataa. Akaleta penseli, ili aweze kufuta kabla daftari halijakaguliwa.