Daftari na Ramani

Kazi iliyonilisha miaka mingi katika ukanda wa dhahabu, kati ya Kahama na Geita, ni kuhakikisha mafaili ya mgodini yanafanana na nakala zake zilizo mbali. Mgodi wa chini ya ardhi kama Bulyanhulu, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001, huzaa mafaili ya namna mbili. Zipo kumbukumbu za vipima hewa na pampu, zinazoongezewa mstari chini kila mara huku cha juu hakiguswi: hilo ni daftari. Ipo michoro ya wajiolojia, ambayo mwamba ukipimwa upya hufutwa na kuchorwa katikati: hiyo ni ramani. Msimamo niliofikia ni kwamba faili lihukumiwe kwa jinsi linavyobadilika, si kwa ukubwa wake.

Wapo wasemao kwamba rsync, programu iliyotolewa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, imeshamaliza suala hili, maana hulinganisha vipande na kutuma vilivyobadilika tu. Kwa upande wa mtandao ni kweli. Kwa upande wa diski, hapana. Tuseme daftari lina gigabaiti 40 na leo limeongezeka megabaiti 200. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, kulituma lote huchukua karibu saa 9. Nyongeza peke yake haifiki dakika 3. Lakini rsync kwa kawaida yake husoma gigabaiti zote 40 pande zote mbili, kisha hujenga nakala mpya pembeni kabla ya kuitupa ya zamani, hivyo hudai nafasi ya gigabaiti 40 nyingine. Chaguo lake la --append huondoa gharama hiyo: hutazama urefu, hutuma mkia.

Basi kwa nini tusilitumie kwa yote? Kwa sababu huamini cha zamani bila kukikagua. Ramani iliyorekebishwa bila kurefuka itarukwa. Iliyorefuka itaungwa mkia mpya kwenye kiwiliwili cha zamani, wala hakuna onyo. Wengine hulalamika kuwa kutunza orodha mbili ni usumbufu. Ni usumbufu wa siku moja: madaftari yapite kwa --append, ramani kwa njia ya kawaida, na kila wiki vyote vikaguliwe kwa --checksum. Bora zaidi, daftari likatwe kila siku, kwani la jana halitaandikwa tena. Unayeianza kazi hii leo, kabla ya kuuliza faili lina ukubwa gani, uliza kalamu inaangukia wapi.