Kompyuta Isiyolala na Haki ya Mita Moja

Nyumba nyingi za urithi katika miji yetu ya pwani zina milango mingi na mita moja ya umeme. Ndugu hugawana vyumba, ua na kisima, na kila mwezi huchangishana fedha za LUKU. Mchango huo hauandikiwi mkataba. Husimama juu ya kuaminiana. Kwa hiyo kila kifaa kinachochomekwa ukutani katika nyumba ya namna hiyo huzaa swali la haki: nani anakitumia, na nani anakilipia?

Swali hilo lilitufikia hapa Tanga kwa njia ya seva. Kijana wangu wa pili, anayesomea ufundi wa kompyuta, alichukua kompyuta ya mezani iliyokuwa imewekwa pembeni, akaitia diski mbili kubwa na programu ya bure iitwayo Jellyfin, akaifanya kuwa hazina ya nyumba. Humo aliweka kanda 86 za darsa na tilawa za marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, zilizorekodiwa katika miaka yake ya ualimu wa madrasa. Aliweka pia video za harusi za ukoo, masomo ya shule, na filamu za watoto tulizozikagua wenyewe. Runinga ya ukumbini na simu zetu huchota humo kwa mtandao wa ndani ya nyumba, bila kugusa bando.

Faida yake sikuitilia shaka. Kilichopakuliwa mara moja hutazamwa na watu wengi mara nyingi, na mtoto anayetazama kilichochaguliwa na wazazi wake hachukuliwi na mkondo wa video zinazofuatana zenyewe. Lakini hazina hiyo ilikusudiwa iwe wazi usiku na mchana, na nyumba hii naishi na dada yangu mkubwa, mjane, anayelipa nusu ya LUKU kwa fedha za maandazi.

“Baba, kompyuta ikikaa tu bila kazi haili umeme,” kijana alinihakikishia.

Nikamwambia tupime kwanza, ndipo tukazungumze na shangazi yake.

Kupima hakuhitaji fundi. Mita nyingi zina taa ndogo inayomweka kadiri umeme unavyopita, na pembeni yake huandikwa idadi ya mimweko inayotimiza uniti moja. Yetu imeandikwa 1000, maana yake kila mmweko ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Tulizima kila kitu, jokofu na hata chaja za simu, tukaiacha seva peke yake, imetulia, hakuna anayeitazama. Kisha tukasimama mbele ya mita na saa mkononi. Taa ilimweka mara moja kila dakika. Mimweko 60 kwa saa ni wati 60. Seva isiyofanya kazi yoyote ilikuwa sawa na balbu sita za wati kumi ziwakazo mchana kutwa na usiku kucha.

Wati 60 kwa saa 24 ni uniti 1.44 kwa siku, yaani uniti 43 kwa mwezi. Nyumba yetu nzima, vyumba vyote pamoja na jokofu, ilikuwa ikitumia uniti 62.

Hesabu haikuishia hapo. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, nyumba ambayo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Uniti zinazovuka 75 huuzwa shilingi 350. Na nyumba inayohamishiwa daraja la matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292 kwa kila uniti, kuanzia ya kwanza. Uniti zetu 62 zilitugharimu shilingi 6,200. Tukiongeza 43 za seva zinafika 105: katika daraja letu ni shilingi 18,000, na tukihamishwa daraja ni shilingi 30,660. Juu yake huja asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti.

Ndugu msomaji, tazama vizuri namba hizo. Matumizi yangepanda kwa kiasi cha thuluthi mbili, lakini gharama ingepanda karibu mara tano, kwa kuwa kifaa kimoja kingezipandisha bei hata uniti za taa na za jokofu. Nusu ya dada yangu ingetoka shilingi 3,100 na kufika 15,330, naye hana hata runinga chumbani mwake.

Tulimwekea hesabu hiyo mbele yake. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mdogo wangu, sauti ya baba naitaka kila alfajiri. Lakini nisije nikakaanga maandazi ya kulisha mashine.”

Maneno yake yalitupa njia, kwa sababu yalitenganisha vitu viwili tuliokuwa tumevifunga pamoja. Sauti ni nyepesi. Kanda ya saa moja, ikihifadhiwa kwa ubora unaotosha maneno kusikika vizuri, huchukua takriban megabaiti 29; kanda zote 86 hazifiki gigabaiti tatu. Kijana alizinakili katika kadi ndogo ya kumbukumbu na kuitia katika redio ya kuchaji. Sasa dada humsikia baba kabla ya adhana ya alfajiri, na seva imezimwa.

Video ndizo zilizobaki, na hizo huhitajiwa baina ya saa kumi alasiri na saa nne usiku. Saa sita kwa wati 60 ni karibu uniti 11 kwa mwezi, jumla 73. Tungekuwa chini ya mpaka, lakini kwa unywele. Ramadhani, jokofu likifunguliwa kila mara na feni zikizunguka hadi daku, tungeuvuka. Basi tukabadili na mashine yenyewe. Kompyuta mpakato ya zamani iliyovunjika kioo, pamoja na diski moja ndogo ya nje, ilipopimwa ilikula wati 12. Kwa saa sita hizo ni uniti mbili na kidogo kwa mwezi. Betri yake huivusha umeme unapokatika ghafla, jambo linalozinusuru faili zisiharibike. Hata hivyo, betri iliyovimba haifai kuachwa ndani ya kompyuta hata siku moja.

Kijana alijifunza jambo jingine. Video ambayo runinga haiielewi huilazimu seva kuitafsiri papo hapo, na kazi hiyo hupandisha matumizi ya umeme kila inapotazamwa. Kuibadili mara moja kuwa katika muundo ambao runinga inauelewa humaliza mzigo huo.

Uniti hizo mbili nazilipa mimi peke yangu. Ni fedha ndogo, lakini mali ya mshirika haihalaliki kwa udogo wake; huhalalika kwa ridhaa yake, na ridhaa haiwezi kutolewa na mtu asiyejua anachoridhia. Ndiyo maana namba zilitangulia mazungumzo.

Wanazuoni hutofautisha israfu na tabdhiri: israfu ni kupita kiasi katika jambo la halali, na tabdhiri ni kutoa mali mahali isipostahili. Kuhifadhi elimu ya mzazi ni jambo jema, na kuwapatia watoto burudani safi ni malezi. Lakini mashine inayowaka saa kumi na nane bila mtazamaji imekwisha kuvuka kiasi, hata ikiwa ndani yake mna tilawa. Mtume (s.a.w.) alituusia tuzime taa tunapokwenda kulala, na akataja hatari ya panya kuburuta utambi na kuunguza nyumba. Taa zetu leo hazina utambi. Adabu iliyomo katika wasia ule bado inatuhusu: mwenye nyumba alale akijua ni kitu gani kimebaki kikiwaka, na kwa nini.

Vijana wetu wataendelea kuleta vifaa vya namna hii, nasi tusiwavunje moyo, maana ndani ya ufundi wao mna kheri nyingi. Tuwafundishe tu kwamba kabla kifaa hakijakaribishwa katika nyumba ya watu wengi, kipimwe, gharama yake isemwe kwa shilingi, na asiyekitumia asibebeshwe. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.