Mama Amezikwa Leicester

Katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania wa Uingereza kuna ujumbe ambao mtu anaujua kabla hajaufungua. Picha ya marehemu akiwa kwenye harusi ya mtu, tarehe mbili chini yake, halafu namba ya akaunti na jina la mweka hazina. Tunachanga ili mwenzetu arudishwe nyumbani, na siku maiti inapopanda ndege kila mmoja anashusha pumzi. Nimechanga na nitaendelea kuchanga, maana msiba hauna mwenyewe. Ila sisi wa Bagamoyo tuna sababu zetu za kuuliza hiyo nyumbani ni wapi hasa.

Mama alifia Leicester, mwezi wa Januari. Alikuja kulea wajukuu, akazoea, akawa na viatu vyake vya theluji na mzozo wake na jirani kuhusu mapipa ya taka. Alipofariki ndugu zangu wawili walitaka arudishwe. Nikampigia mjomba, ndiye mkubwa wa ukoo kwa sasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshamwosha?"

Nikamweleza kwamba bado tunajadiliana habari ya kumsafirisha. Akakaa kimya, nikasikia redio yake ikizungumza peke yake.

"Mtamweka kwenye barafu mkingoja ndege? Mzikeni hapo hapo. Babu yangu alitoka Manyema. Nani alimrudisha Manyema?"

Mjadala ukaishia hapo.

Huyo babu wa mjomba ndiye mwanzo wetu pale Bagamoyo. Alifika akiwa mtoto, katika miaka ya mwisho ya misafara mikubwa, wakati pembe za ndovu zilipokuwa zikishuka kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kupitia Ujiji na Tabora, hadi pwani kupakiwa majahazi ya Unguja. Utotoni nilimuuliza bibi yule mzee alikuja kufanya nini. "Alikuja na msafara." Na nani? "Na watu." Bibi alikuwa mtu wa maneno, angekueleza harusi ya zamani mpaka nani alivaa kanga gani na nani alikasirika kwa kutopewa biriani. Lakini swali hilo likifika, alikuwa anakumbuka kwamba nazi haijakunwa. Shuleni tulifundishwa habari za utumwa, tukaonyeshwa majengo, na hakuna aliyetuambia kwamba somo hilo lilihusu majina yetu ya ukoo. Mtoto mdogo hatembei kutoka Manyema hadi Bagamoyo kwa hiari yake.

Mji wenyewe una mtu mmoja ambaye habari zake hazifichwi. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, alitekwa huko Manyema, mashariki mwa Kongo, akiwa mtoto. Akaletwa Bagamoyo, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Akasoma, akajitegemea, akainuka mpaka akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na watoto wa nyumba kubwa, zile zilizokuwa zikiwahesabu watu wa aina yake kama mali, wakaja kukaa mkekani mbele yake. Alifariki mwaka 1931. Watu wa tarika wanaendelea kukusanyika Bagamoyo kwa maulidi na zikri, wakitoka Dar, Tanga, Unguja na mbali zaidi, na jina lake linatajwa kwa heshima ambayo waliomnunua hawaipati. Mtu aliyenyang'anywa wazee wake akawa mzee wa mji mzima.

Wengine wote, wasiofika cheo hicho, walichagua kunyamaza. Nawaelewa kuliko zamani, kwa sababu na sisi huku tunanyamaza. Muulize mtu mzima wa rika langu alifikaje Uingereza, atakujibu: nilikuja kusoma. Wapo waliokuja kusoma. Wapo waliokuja na viza ya matembezi wakapotelea mjini. Na wapo waliojilipua, wakaomba ukimbizi kwa jina la nchi nyingine, na leo watoto wao wanashangaa kwa nini karatasi za baba zinasema alizaliwa mahali ambapo hajui hata barabara moja. Tulibeba maboksi usiku, tukatuma picha za mchana. Silinganishi mnyororo na viza. Mtu akifanya hivyo nitatoka chumbani. Nasema tu kwamba wajukuu watauliza, na jibu tulilonalo mkononi ni lile lile la bibi: nilikuja na watu.

Turudi kwenye maiti. Hakuna mji wa pwani unaojua kusafirisha maiti kama Bagamoyo. David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Watu wa msafara wake, Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na vitambaa, kisha wakaubeba kwa miguu miezi na miezi. Njiani ilibidi waufanye uonekane kama mzigo wa kawaida, kwani vijiji havikutaka maiti ipite kwao. Walipofika karibu na Tabora, Mwingereza Cameron akawashauri wazike huko huko. Wakakataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo kwa mapadre wa Roho Mtakatifu, na Aprili ukazikwa London, katika Westminster Abbey. Mpaka leo watalii wanapelekwa kwenye mnara wa kanisa la zamani kuambiwa kwamba mwili ulilala hapo.

Mimi nawafikiria wabebaji. Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza. Alifariki Urambo mwaka 1892. Susi, mtu wa Zambezi, alifariki Unguja mwaka 1891. Waliomrudisha mwenzao kwao wakazikwa ugenini. Na hatua chache kutoka kwenye mnara huo kuna makaburi ya wamisionari wenyewe, wengi wao vijana walioondoka Ulaya na kumalizwa na homa. Mji umejaa wageni waliolala moja kwa moja.

Kwa hiyo tulimzika mama Leicester, upande wa Waislamu katika makaburi ya halmashauri. Mashine ndiyo iliyochimba, udongo ulikuwa mzito na mweusi, na mtu wa ofisi alisimama pembeni kwa adabu akitazama saa. Kilichonisumbua ni fomu. Huku kaburi hulinunui. Unauziwa haki ya kulitumia kwa muda, na kanuni za Uingereza za mwaka 1977 zinaweka kikomo cha miaka 100, ingawa muda huo unaweza kuongezwa. Nikakumbuka Kaole, kusini kidogo mwa mji wetu, makaburi ya mawe ya matumbawe ya karne nyingi yasiyo na mkataba na mtu. Mpaka leo watu wanakwenda na ubani kuomba dua kwenye kaburi la Sharifa, na hakuna anayewauliza risiti.

Hitma ilisomwa kotekote. Binti wa mjomba aligawa juzuu thelathini kwenye kundi la familia: Muscat walichukua tano, Mombasa nne, Dar nyingi, na za Leicester nusu zikachukuliwa na mwanangu wa kiume, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chakula lakini Qurani anaisoma vizuri kunishinda. Bagamoyo walitandika mikeka uani, wakapika. Wakanipigia kwa video nione. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye birika la kahawa, kwa hiyo niliona magoti zaidi kuliko nyuso. Ndipo maalimu akaanza kuwataja marehemu wa ukoo kutoka kwenye daftari la mjomba, akianzia kwa yule mzee wa Manyema, kwani juu yake hakuna jina. Akateremka, kizazi kwa kizazi, wa Bagamoyo, wa Bagamoyo, mmoja wa Saadani, mmoja aliyezama baharini. Mwishoni akasita, akasogeza daftari kwenye taa, akasoma: "na aliyezikwa Lesita." Watu wote wakaitikia amin.

Kilichobaki ni shamba, njia ya Kaole, minazi na makaburi ya wazee pembeni. Tangu serikali iliposaini mpango wa bandari kubwa na Wachina mwaka 2013, madalali hawajaacha kulipigia hesabu, hata baada ya mpango wenyewe kusimamishwa. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969; serikali ikihitaji ardhi kwa shughuli za umma, wazee wanafukuliwa na kupelekwa kwingine. Kwa upande wangu siwezi kulishika kwa jina langu. Nilipochukua pasi ya Uingereza uraia wa Tanzania ulikoma, na kwa kawaida asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Hii hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, inayozungumzwa sana kwenye mikutano ya diaspora, ni hatua nzuri, na wenye haraka waikimbilie. Mimi nimeona afadhali hati iandikwe jina la dada yangu, anayeishi pale na anayefagia pale.

Nikatuma fedha za ua. Dada akapiga simu kuuliza fundi apitishe waya wapi, na kama aniachie nafasi karibu na bibi. Nikamwambia asiache, nafasi yangu iko kando ya mama na imeshalipiwa. Akacheka. Akauliza, na mkataba ukiisha mtahamia wapi?